Mazoezi ya Kungoja: Mimba na Mashindano katika Fasihi ya Kiswahili

Kama mtungaji kijana angetaka kuandika hadithi ya mtu wa Kilosa ajitayarishaye kwa mashindano ya michezo mitatu huku mkewe akingoja mtoto wa kwanza, kisa kingempatia mwanzo na mwisho bila ya taabu kubwa. Mashindano hayo, yaliyoingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, humtaka mshindani aogelee mita 1,500, aendeshe baiskeli kilomita 40, kisha akimbie kilomita 10, pasipo kupumzika kati ya mchezo na mchezo. Mwenye kujitayarisha ana ratiba yake. Mwenye mimba ana kadi yake ya kliniki. Huyu huhesabu majuma, na yule huhesabu majuma. Siku ya mbio yaweza kuwekwa karibu na siku ya kujifungua, na mashaka hayo yakatosha kumshika msomaji mpaka ukurasa wa mwisho. Mandhari nayo iko tayari: mto Mkondoa, milima ya Usagara, na barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi kwa kupitia Ulaya. (Katika wilaya ya Kilosa mtu aweza kwenda Ulaya kwa baiskeli, akarudi kwake siku hiyo hiyo; mtungaji mwenye mzaha asingeiacha nafasi hiyo ipite bure.)

Wepesi huu ndio utiao shaka. Hadithi iliyokamilika kabla ya kuandikwa, mara nyingi ni hadithi iliyokwisha andikwa na mwingine. Hapana shaka mtungaji ataweza kueleza mbio, maana mbio zina mwanzo, njia na utepe wa mwisho. Lililo gumu ni kungoja. Je, fasihi ya Kiswahili imempa mtungaji huyu njia yo yote ya kueleza miezi tisa ya mwanamke isiwe dibaji tu ya kilio cha mtoto? Swali hili lastahili kuulizwa kwa kuitazama Kilosa yenyewe, kwa sababu wilaya hiyo imetoa mtungaji mmoja mkubwa wa michezo ya kuigiza, na kwa sababu wenyeji wake walikuwa na chuo cha kungoja kabla shule ya kwanza haijajengwa.

Lugha yenyewe ianze kutoa ushahidi. Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye maana mbili ambazo hazikuonekana kuoana: kushinda ni kumpita mwingine kwa nguvu au kwa mbio, na kushinda ni kukaa mahali tangu asubuhi hata jioni. Mwanariadha ameshinda, mwanamke ameshinda nyumbani. Yule aliyeshinda kwa namna ya kwanza huitwa mshindi, akapewa kikombe. Aliyeshinda kwa namna ya pili hana jina, ijapokuwa jirani zake humwuliza kila jioni ameshindaje. Hapa hapana mchezo wa maneno tu. Mtu akishinda na njaa, au akishinda na homa, hakukaa bure: siku imepita juu yake naye akaistahimili. Kushinda kwa mwenye mimba ni kwa namna hii. Lakini mtungaji asipotega sikio, atasikia maana moja tu, ile yenye kikombe.

Methali nazo hazimsaidii mkimbiaji. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Haraka haraka haina baraka. Mwenda pole hajikwai. Mtu angedhani basi kwamba hekima ya Kiswahili imesimama upande wa angojaye, kwa kuwa husemwa ya kuwa subira yavuta heri. Lakini subira ya methali ni ya mtu aliyeketi. Husifu utulivu wa moyo, wala haisemi neno juu ya mgongo uumao, miguu ivimbayo, usingizi ukataao kuja, na ndoo ya maji ambayo lazima itoke bombani hata hivyo. Methali moja tu yaingia ndani ya jambo lenyewe, isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nayo huingia, kisha hufunga mlango nyuma yake. Kwa kumpa mzazi ujuzi wote, huwapa wasiozaa ruhusa ya kunyamaza. Watungaji wanaume wa Kiswahili wameitii methali hiyo kuliko methali zote.

Dai hili halina budi kuthibitishwa. Katika Kufikirika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa mwandishi, nchi nzima hungoja mtoto wa kwanza. Mfalme na malkia hawana mrithi. Waganga wa kila namna huitwa, kila kundi na elimu yake. Pengine hakuna riwaya ya Kiswahili iliyotumia kurasa nyingi zaidi katika kumtaka mtoto. Lakini katika kurasa hizo anayengoja ni kiti cha enzi. Malkia ni mahali ambapo mrithi hatokei, kisha ni mahali ambapo mrithi ametokea. Shaaban Robert, ambaye katika maandishi ya maisha yake aliweza kumlilia mkewe Amina kwa maneno ya mtu aliyeumia kweli, hapa alikuwa na haja ya mfano wa nchi, na mfano wa nchi hauvimbi miguu.

Kezilahabi alikuja na haja nyingine. Katika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, mimba ni aibu ya kufichwa na kuharibiwa. Katika Kichwamaji ya mwaka 1974, Kazimoto na Sabina wanamngoja mtoto, lakini msomaji amekwisha kuuona mfano wake kwa Manase, na anajua ya kuwa kinachokuja ni hukumu. Mtoto azaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, Kazimoto ajiua. Hapo kungoja kuna uzito kweli, na hofu ya Kazimoto imeandikwa kwa kalamu isiyotetemeka. Hata hivyo hofu hiyo ni ya Kazimoto. Mimba ya Sabina hukua katika fikira za mumewe, wala haikui katika mwili wa Sabina, na riwaya inayosifiwa kwa kuingia ndani ya nafsi ya mtu imeingia katika nafsi moja tu kati ya mbili zilizokuwa zikingoja. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, alimfanya mtoto kuwa shitaka tangu azaliwapo, kwa kuwa rangi yake haikumridhisha baba mwenye mashamba. Ni riwaya nzuri kupita nyingi za wakati wake. Lakini humo pia uzazi ni mlango wa kesi ya nasaba na urithi, na mara mlango ukifunguka, mambo mengine huanza.

Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alikuwa mzazi aliyesema na binti yake. Kwake mtu angetazamia kuyapata maneno yanayotafutwa. Aliyempa binti ni mashauri ya dini, adabu na utumishi wa mume. Mengine bila shaka aliyasema kwa mdomo.

Aliyeandika zaidi ya wote ni mwanamume, na hakuwa mtungaji wa hadithi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki huko Berlin, aliandika sehemu kubwa ya kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, Desturi za Wasuaheli. Desturi hizo huanza pale mtu anapoanza, katika mimba na uzazi. Humo mna mkunga, mna miiko, mna kazi ya kila jamaa, na mambo hutajwa kwa majina yake bila haya na bila pambo. Mtoro hakuwa na mwanamke mmoja wa kumweleza. Alieleza mwanamke yeyote, kwa sauti ile ya desturi isemayo kwamba mtu akiwa hivi hufanywa hivi. Sauti hiyo haiwezi kuonyesha hofu ya mtu fulani katika usiku fulani. Lakini yajua jambo moja ambalo riwaya za miaka sabini baadaye zilisahau, kwamba kungoja ni kazi yenye hatua, na kwamba kazi hiyo ina walimu.

Hapa ndipo Kilosa inapodai nafasi yake. Penina Muhando alizaliwa Berega mwaka 1948, katika nchi ya Wakaguru, karibu na Mamboya ambako J. T. Last wa misheni ya CMS aliishi kabla ya kuchapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Mchezo wake Hatia ulitoka mwaka 1972, na kwa jina lake peke yake mchezo huo umekwisha sema utakachotazama: msichana amepata mimba nje ya ndoa, na lazima hatia ipate mtu wa kuibeba. Muhando alikuwa na uhodari ambao haukuwa wa kawaida wakati ule. Alilitoa jambo la chumbani akaliweka mbele ya watu, akawalazimisha watazamaji wapime maneno ya wazee, ya kijana wa kiume, na ya msichana mwenyewe. Wanafunzi wa vizazi vingi wamejifunza kwa mchezo huu ya kwamba jukwaa la Kiswahili laweza kuwa baraza la kweli.

Lakini baraza lina kasoro yake. Kila mtu anayesimama mbele yake hugeuka kuwa shahidi au mshitakiwa, na mimba hugeuka kuwa kielelezo cha ushahidi. Katika Hatia swali ni la nani. Haliwi kamwe la namna gani. Msichana ana mimba ili watu waulize. Laiti mchezo ungesimama kidogo, mara moja tu, asionekane kama kesi, aonekane kama mtu ambaye ndani yake kuna kitu kinachojongea na ambaye hajui bado kama ni cha kuogopa! Usemi huu si wa kumdharau mtungaji. Mwaka 1972 palikuwa na haja ya baraza. Katika Nguzo Mama, mchezo wa mwaka 1982, anaonekana mtungaji aliyepanuka: wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa na taabu ya nyumbani kwake. Humo miili hubeba, hujikaza, huchoka. Nguzo nzito ishikwayo na mikono mingi, ikakataa kusimama, ni picha iliyo karibu na uzazi kuliko chochote katika Hatia, ijapokuwa yasemekana kuwa ni picha ya siasa. Pengine ni zote mbili.

Jambo la ajabu ni lile lililotokea katikati. Mwaka 1981 Muhando alitoa katika jarida moja la Marekani makala juu ya digubi, ngoma ya Wakaguru inayohusiana na kuwafunda wasichana waliovunja ungo. Mwaka 1983 akamaliza tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akitumia sanaa za maonyesho za Wakaguru kuonyesha kwamba hizo zilikuwa chuo cha malezi. Mtungaji aliyetoka Berega alirudi Ukaguru na daftari. Alichokikuta ni mazoezi, kwa maana kamili ya neno hilo, ambalo chanzo chake ni kuzoea. Katika ngoma kama hiyo msichana huzoezwa mwili, sauti na masikio, miaka kabla hajaolewa, na wanawake waliokwisha kupita njia hiyo. Yule mwanamume wa hadithi, anayeamka alfajiri kwa ratiba ya majuma kadhaa, ni mwanafunzi mgeni kabisa akilinganishwa na bibi ya mkewe.

Basi ujuzi huo uliandikwa, lakini uliandikwa kwa Kiingereza. Fani ya digubi, yaani wimbo, mcheza ngoma, na msimulizi asimamaye kati ya watu na wachezaji, iliingia katika michezo ya Kiswahili ya Muhando, na Nguzo Mama na Lina Ubani ya mwaka 1984 zilinufaika sana. Lililofundishwa ndani ya ngoma halikuingia. Mwamerika T. O. Beidelman, aliyefanya uchunguzi Ukaguru tangu miaka ya 1950, naye alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya mafunzo ya unyago na jando ya Wakaguru. Nacho ni cha Kiingereza. Msomi wa New York aweza kukaa mezani akasoma alichoambiwa mwali wa Mamboya. Msichana wa Mamboya asomaye Kiswahili shuleni husoma mchezo juu ya nani mwenye hatia.

Lazima haki itendeke. Mafunzo ya unyago ni siri, na binti wa nchi hana uhuru alio nao mgeni. Kuyachapa kwa lugha isomwayo na wanaume, wavulana na kaka wa mwali kungekuwa kuvunja mwiko ambao mtafiti wa ng'ambo haoni hata kivuli chake. Kiingereza kilikuwa pazia. Hii ni sababu ya heshima, na mhakiki asiyeiona amesoma haraka. Lakini pazia hilo lina gharama, na gharama hiyo ina hesabu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa akina mama 556 walifariki kwa sababu za uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni ya kushukuriwa. Hata hivyo yule anayengoja katika hadithi, kama hadithi ni ya kweli, hangoji furaha tu. Kila nyumba Kilosa inajua mtu aliyeingia katika siku hiyo asitoke. Riwaya inayoifanya siku ya kujifungua kuwa utepe wa mwisho wa mbio imesahau kwamba katika mbio mtu akishindwa hurudi nyumbani.

Kuna ushahidi wa kale zaidi kwamba mambo haya mawili, mwendo mrefu na mimba, yaliwahi kukaa katika mwili mmoja katika nchi hiyo hiyo. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda bara. Stanley alivuka mbuga ya Mkata katika masika ya mwaka 1871, akaandika habari za matope na maji zilizomtisha kuliko watu. Wasomaji wa vitabu vya aina hiyo hukumbuka mpagazi mwanamume na mzigo wake wa pembe au vitambaa. Lakini Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha jinsi wanawake walivyokuwa sehemu ya kawaida ya misafara, wakibeba, wakipika, wakifuatana na waume zao. Na vitabu vya wasafiri hutaja watoto waliozaliwa njiani. Mwanamke aliyetembea siku nyingi akiwa na mzigo kichwani na mwingine tumboni, akavuka maji yaliyofika kiunoni, akajifungua kambini, kisha akaufuata msafara, hakuacha wimbo wenye jina lake. Mtungaji akitafuta wa kwanza kufanya mazoezi ya namna hii kati ya Mkata na Kilosa, asimtafute mwenye saa ya mkononi.

Lingine ambalo mtungaji kijana atalikosea, asipoangalia, ni ubaba. Kisa cha mume angojaye huchukulia kuwa mtoto ajaye ni wake kwa namna iliyo wazi, na kwamba kungoja kwake ndiko kiini cha nyumba. Wakaguru, Waluguru, Wasagara na Wavidunda hufuata ukoo wa mama. Kwa desturi yao kifungua mimba huongeza ukoo wa mkewe, na mjomba wa mtoto ana neno ambalo baba hana. Tena katika sehemu nyingi, pwani na bara, mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake kujifungua, na mume hubaki kuuliza habari. Basi mazoezi ya mume yangepata maana nyingine kabisa, nayo ni nzuri kuliko ile ya kikombe: ni kazi ya mtu aliye pembeni, anayetafuta njia ya kuwa na sehemu katika jambo lisilomhitaji sana. Mwanamume huyo ni wa kuchekesha kidogo, na wa kuhurumiwa, na wa kweli. Fasihi ya Kiswahili haina wengi wa aina yake. Ina baba mkali, baba mlevi, baba mkana mtoto. Baba aliyesimama nje ya ua hana pa kuketi.

Michezo mitatu nayo ingeweza kurudishwa nyumbani. Mto, baiskeli na miguu si burudani huko. Ndivyo mtu alivyomwendea mkunga usiku tangu baiskeli ilipofika vijijini. Masika, mto ukifurika kama ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, hata ukachukua reli, kuvuka ni swali la uhai. Mwenye mimba hubebwa juu ya baiskeli mpaka barabarani, siku hizi juu ya bodaboda, na kutoka hapo mpaka Hospitali ya Berega au ya Mtakatifu Kizito Mikumi. Kuogelea, hata hivyo, kungempa mtungaji taabu. Mto Mkata ndani ya hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, una viboko na mamba, na njia kuu ya Iringa ipitayo katikati ya hifadhi kwa kilomita kama hamsini si mahali pa kukimbia mtu mwenye akili timamu. Mtungaji anayemkimbiza shujaa wake hapo wakati wa magharibi hajawahi kufika.

Wako watakaosema kwamba kulinganisha mimba na mashindano ni kumheshimu mwanamke, kwa kuwa kunaonyesha nguvu zake. Hoja hii ina uzito. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, kisha akashinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na ya Paris mwaka 2024. Kwake hakuna haja ya tashbihi, kwa kuwa mwili uliozaa ndio uliokimbia. Lakini tazama namna habari yake inavyosimuliwa. Mtoto huwekwa katika sentensi ya kwanza kama kikwazo kilichorukwa, na medali huwekwa mwishoni kama jibu. Hakuna asimuliaye kwamba mbio zilikuwa maandalizi, na mtoto ndiye jambo. Tashbihi huwa na mkuu na mdogo, na mpaka sasa mimba imekuwa mdogo. Mwanariadha wa Kitanzania anayekumbukwa kuliko wote katika masimulizi ni John Stephen Akhwari, ambaye huko Mexico mwezi wa Oktoba mwaka 1968 aliingia uwanjani goti limeumia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakumshinda mtu, alishinda na maumivu mpaka yakaisha njia. Kama mtungaji lazima aazime kwa wanariadha, na aazime hapo.

Sarufi yaweza kumsaidia kuliko tashbihi. Hadithi ya mbio hupenda kiambishi -ka-: akaogelea, akapanda baiskeli, akakimbia, akafika. Kila tendo husukuma lililotangulia, na msomaji huvutwa kama maji mteremkoni. Kungoja hakusimuliki kwa -ka-. Mwanamke hawezi kuwa akangoja, akangoja, akangoja, isipokuwa kwa mzaha. Lakini Kiswahili kina hali nyingine ambayo lugha nyingi hazina, ile ya -ja-, isemayo kwamba jambo halijawa na bado latazamiwa. Hajajifungua. Hajaona dalili. Mtoto hajageuka. Kila sentensi ya namna hii imekana tendo, na papo hapo imelifungulia mlango. Watungaji wa riwaya wameitumia hali hii kwa habari ndogo ndogo, barua haijafika, basi halijaondoka. Hakuna aliyethubutu kuandika sura nzima ndani yake. Kilosa kila jioni huzungumza hivyo katika nyumba yenye mja mzito, na wala haichoshi, kwa sababu kila siku sentensi hiyo hiyo ni habari mpya.

Mtungaji akithubutu, mandhari yake ya mwisho haihitaji utepe. Mume amerudi jioni kutoka upande wa Ulaya, vumbi mpaka kwenye nyusi, baiskeli ameiegemeza ukutani. Ndani wanawake wanazungumza kwa sauti asiyoweza kuitofautisha maneno. Bibi ya mkewe atoka na beseni, na kwa kuwa desturi humruhusu kumtania mume wa mjukuu, humwita mume wangu. Anamtazama miguu, ambayo bado yatetemeka.

«Umeshindaje, mume wangu?»

«Nimeshinda salama, bibi. Vipi ndani?»

«Bado.»

Anamwaga maji kando ya mchongoma, anarudi ndani, na mlango unaachwa wazi nusu.